Miti ikikatwa kingoni mwa mfereji, majani ya chini ya maji yanajaa. Kivuli kina kazi gani hasa?

Mkahe wa Mtoni (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Niko huku chini ya Moshi, ukanda wa mpunga. Maji yetu ni ya chemchemi, hayana tope, unaona kokoto mpaka chini. Mfereji wetu una vipande viwili. Cha juu kinapita chini ya mikuyu na mizambarau ya zamani. Cha chini kiko wazi tangu miti ilipofyekwa misimu michache iliyopita. Maji ni yaleyale, udongo uleule, mteremko karibu sawa. Kipande cha juu kina majani machache ya hapa na pale. Cha chini kimejaa, ukizamisha jembe linatoka na furushi zima: kuna yale marefu membamba yanayolala na mkondo, na kuna mengine yasiyo na mizizi, vijani vyake vigumu vinakwaruza mkono.

Matokeo yake maji yanapanda na kumwagika upande wa juu, wa mwisho wa mfereji hapati kitu, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha, hauishi. Kwenye kikao wengi walisema ni mbolea. Wengine wanalaumu banio, pale maji yanapoingizwa mferejini. Mimi naona ni jua. Nataka turudishe miti lakini kuna wazee wanapinga, na wana sababu zao.

Kwa wenye uelewa: kivuli cha miti kinafanya nini kwa mimea iliyo chini ya maji, na kiasi gani kinatosha? Zile za "tupande miti tuokoe mazingira" tumeshazisikia. Naomba hesabu.

---

Banio_la_Juu

Nimekaa hapa mbele kabisa. Uzi huu unanihusu.

---

Chumvi Chumvi

Mbolea hiyo mkuu, usisumbuke. Mnamwaga urea shambani, maji yanarudi mferejini, majani yanakula bure.

---

Mwani Mtupu

Mkahe na Chumvi Chumvi, nyote mna hoja ila mnajibu maswali mawili tofauti. Mbolea inaamua majani yanaweza kunenepa kiasi gani yakiwa na jua la kutosha. Jua ndilo linaloamua kama yataota kwa nguvu au hapana. Mimea yenye mizizi huchota fosforasi yake zaidi kwenye udongo wa chini kuliko kwenye maji, na udongo wa mfereji wa mpunga umeshajilimbikizia ya kutosha. Hata mkiacha urea leo, ule udongo utaendelea kulisha kwa muda mrefu. Kinachobaki mkononi mwenu cha kubana ni mwanga.

Mwanga unapunguzwa mara tatu kabla haujafika kwenye jani lililozama. Kwanza na majani ya mti. Kisha na uso wa maji, ambao hurudisha juu sehemu ndogo jua likiwa utosini na sehemu kubwa likiwa limeinama sana. Mwisho na maji yenyewe pamoja na kilichomo ndani yake. Kwenu hilo la tatu karibu halipo, maji ni meupe na kina ni kifupi. Ndiyo maana mti mmoja unaleta tofauti kubwa hivyo. Nenda kwenye Pangani yenyewe wakati wa masika, maji ya kahawia: pale tope ndilo kivuli, kata miti au panda, mimea iliyozama haitapata tofauti ya maana.

Sasa kiasi. Chini ya msitu uliofunga vizuri, mwanga unaofika chini ni asilimia chache tu za jua la wazi. Mimea mingi ya maji yenye maua huanza kushindwa ikipata kama asilimia 10 hadi 20. Haifi siku hiyo hiyo. Jani hutengeneza sukari mchana tu, lakini linapumua mchana na usiku, na kupumua kunakula sukari. Kinachotengenezwa kikilingana na kinacholiwa, mmea umesimama, unaishi kwa akiba ya kwenye mizizi mpaka iishe. Kabla ya hapo utauona unarefuka, shina jembamba, majani yamekaa mbalimbali, unahangaika kufika juu. Mmea wa namna hiyo mkondo unaung'oa bila shida. Kwa hiyo kivuli hakifanyi kazi peke yake, kinaudhoofisha mmea na mkondo unamalizia.

Kuna watu waliopima hili zamani. F. H. Dawson wa Uingereza na U. Kern-Hansen wa Denmark walichapisha mwaka 1979 kazi kuhusu vijito vya tambarare vya kwao, wakilinganisha kivuli cha miti na kivuli cha kutengeneza. Vijito vyao vilikuwa na shida kama yenu: majani yanaziba, watu wanafyeka kila mwaka, gharama haziishi. Waliona kwamba si lazima kuufunika mto wote. Kivuli cha nusu kinashusha majani hadi kiwango ambacho maji yanapita, na bado yanabaki ya kutosha samaki na wadudu.

Nusu, Mkahe. Shika hapo.

---

Kipanga Mzee

Mimi ni mmoja wa hao wazee wanaopinga, ingawa si wa skimu yako. Nyie mnasoma, sisi tunalima. Miti ilikatwa kwa sababu tatu.

Ya kwanza kwelea kwelea. Ndege anatua kwenye mti, anaangalia, anashuka kwenye mpunga, ukimfukuza anarudi mtini. Shamba lililo karibu na miti ndilo linaloliwa kwanza. Ya pili, mpunga unaokaa kivulini hauzai, unarefuka tu. Ya tatu, mizizi ya mkuyu inapasua mfereji wa zege. Mfereji ukivuja huyo Mdenmark atakuja kuziba?

---

Mkahe wa Mtoni

Shikamoo mzee. Hizo sababu tatu ndizo zilizosemwa kikaoni kwetu, neno kwa neno. Ndiyo maana nimekuja huku badala ya kubishana kule.

---

Sangara wa Kirinyaga

Hamjambo wandugu wa Tanzania. Huku Mwea, Kenya, maji yetu yanatoka mito ya Thiba na Nyamindi, na mitaro iliyo wazi inaziba vivyo hivyo, hasa msimu ambao maji yametulia na hayana matope.

Neno langu ni moja: mkipanda, msipande mikaratusi. Huku mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe karibu na mito na maeneo oevu kwa sababu ya kunywa maji. Watu walizozana sana. Lakini hata ukiacha maji kando, kwa kazi hii ya kivuli mkaratusi haufai. Majani ya mti mzima yananing'inia wima na yamepeana nafasi, jua linapita katikati. Utapoteza maji na kivuli usipate.

---

Tangi la Kioo

Mimi nafuga samaki wa mapambo hapa Dar, nina matangi nyumbani, kwa hiyo haya mambo ya mwanga na mimea nayaona kila siku kwa udogo.

Mkahe, hayo marefu membamba huenda ni Vallisneria au jamii ya Potamogeton. Hayo yasiyo na mizizi yanayokwaruza, kwa maelezo yako, ni Ceratophyllum demersum. Kama ndiyo, jiandae: Ceratophyllum huvumilia kivuli kuliko wenzake wengi. Kivuli kitaipunguza, hakitaimaliza. Na ikitokea siku mkapata Hydrilla, hiyo ni balaa jingine, inaweza kuendelea na asilimia 1 ya jua kamili.

Kwenye tangi nikiongeza masaa ya taa, cha kwanza kufurahi ni mwani, si mimea. Na kuna mimea inayopenda giza kweli: Anubias, asili yake mito na vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Ukiiweka kwenye taa kali inafunikwa mwani mpaka jani linakuwa jeusi, kwa sababu jani lake linakua polepole mno na mwani unaliwahi. Ukiisogeza pembeni kwenye kiza, safi. Yule mmea amezoea kuishi chini ya miti.

---

Banio_la_Juu

Sasa kama nusu inatosha, kwa nini tusifunike kabisa? Tupande miti kote, majani yaishe, msaragambo ufe.

---

Mwani Mtupu

Hapana mkuu. Kivuli kizito kinaua na nyasi za ukingoni pia, na zile nyasi ndizo zinazoshika udongo. New Zealand walilipima hili: Rob Davies-Colley alionyesha mwaka 1997 kwamba vijito vidogo vinavyopita malishoni ni vyembamba kuliko vinavyopita msituni. Nyasi zinajenga ukingo kwa kunasa udongo. Ukipanda miti kwenye kijito kilichokuwa malishoni, nyasi zinakufa kwa kivuli, ukingo unamomonyoka, kijito kinapanuka, na udongo wote ule unashuka chini kwa wenzako. Kwenye mfereji wa udongo hilo ni tatizo kubwa kuliko majani.

Tena usidhani mto usio na mimea ndio mto mzuri. Majani yale ndiyo makao ya vifaranga vya samaki, yananasa tope, na mchana yanatoa oksijeni.

Mto wa asili unajigawa wenyewe. Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake wa Marekani waliliandika vizuri: kule juu mto ni mwembamba, miti inaufunika, viumbe vya majini vinaishi kwa majani yaliyodondoka kutoka juu. Katikati mto unapanuka, miti ya pande mbili haifikiani, jua linaingia, na hapo ndipo mwani na mimea ya majini vinatawala. Chini kabisa maji ni mengi na yana tope, mwanga haufiki tena. Rau hapo Moshi ni mfano wa karibu. Unapita kwenye msitu wa Rau, ule msitu wa maji ya ardhini wenye mivule mikubwa na misoo, halafu unatokea kwenye mashamba ya mpunga. Umbali ni mfupi lakini ni kama mito miwili. Sisi binadamu tukikata miti tunachofanya ni kuivuta ile sehemu ya katikati na kuipandisha juu, mahali ambapo mfereji ni mwembamba na hauna nguvu ya kuyabeba hayo majani.

---

Perege wa Jioni

Niulize kitu kinachokaribiana. Kuna lambo la kijiji limejaa hayo majani, mchana samaki wazima, alfajiri unawakuta juu wanahema. Wengine wanakufa. Watu wanasema kuna mtu anaweka sumu.

---

Mwani Mtupu

Huenda hakuna sumu yoyote. Mchana majani yanatoa oksijeni nyingi mpaka utaona viputo. Usiku hayatoi, yanatumia, na samaki wanatumia, na bakteria wanaoozesha majani yaliyokufa wanatumia. Kiwango cha chini kabisa kinakuwa kabla tu ya jua kuchomoza, saa hiyo hiyo unayowakuta wanahema. Ongeza joto: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 hivi, na hayo ni makadirio ya usawa wa bahari, ukipanda mwinuko zinapungua tena. Lambo lisilo na kivuli linapigwa mara mbili, majani mengi na maji ya moto.

Pima alfajiri kabla hujamtuhumu mtu.

---

Mpima Ardhi Mstaafu

Nimesoma yote, mmeongea vizuri, lakini hamjaongelea jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza: jua la huku linapita wapi.

Miongozo mingi ya kupanda miti kando ya mito imeandikwa Ulaya. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo wanaambiwa wapande ukingo wa kusini na kazi imekwisha. Moshi iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta. Huku jua linahama. Juni liko kaskazini, saa za mchana limeinama kama nyuzi 27 kutoka utosini. Desemba liko kusini, kama nyuzi 20. Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, mti haukupi kivuli cha pembeni.

Mkahe, mfereji wako umeelekea wapi, na upana wake?

---

Mkahe wa Mtoni

Kipande cha wazi kinatoka magharibi kwenda mashariki, karibu kunyooka. Upana kama mita 4. Kaskazini kuna barabara ya trekta, kusini mpunga unaanzia hapo hapo.

---

Mpima Ardhi Mstaafu

Basi chukua kalamu.

Safu ya miti ya mita 10 mfululizo kwenye ukingo wa kaskazini. Juni mchana kivuli chake kinaenda kusini mita 5. Kinafunika mfereji wako wote na kuzidi mita moja. Katikati ya Agosti kama mita 3, bado robo tatu ya mfereji. Mwisho wa Septemba karibu hakuna. Maana yake miezi ya kiangazi, ambayo maji ni machache na kila tone lina mwenyewe, ndiyo miezi safu ya kaskazini inafanya kazi. Mngefuata kitabu cha Ulaya mkapanda kusini, kiangazi chote kivuli kingeangukia mpunga na mfereji ungebaki juani. Hapo Mzee Kipanga angekuwa na haki ya kuing'oa.

Desemba inageuka. Kivuli cha safu hiyo kinaenda kaskazini kama mita 3 na nusu, kinaangukia barabara ya trekta. Mfereji uko wazi. Ukitaka kivuli cha miezi hiyo huwezi kutegemea urefu wa mti, lazima matawi yenyewe yatoke yaje juu ya maji.

Kwa wale ambao mifereji yao inakwenda kaskazini na kusini mambo ni tofauti. Karibu na ikweta, mti wa mita 10 unatoa kivuli cha mita 10 masaa matatu kabla na masaa matatu baada ya jua kufika juu. Saa moja tu kabla ya hapo ni chini ya mita 3. Kwa hiyo asubuhi na jioni unafunikwa, katikati ya mchana unapigwa. Na msitegemee saa sita kamili: Moshi jua linafika juu karibu saa 6 na nusu, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki kwetu, huko baharini.

Kwa mto mpana, wa mita 30 na kuendelea, sahauni habari ya kuufunika. Miti itawapa kivuli cha pembeni tu, na katikati kutabaki juani milele.

---

Chumvi Chumvi

Huyu mzee wa upimaji anyweshwe soda. Nimeelewa kitu ambacho bwana shamba hajawahi kutueleza.

---

Dada wa Zahanati

Naongeza la afya kwa sababu mmeligusa bila kulitaja. Majani hayo ndiyo shamba la konokono wa kichocho. Wanakula mwani uliojishika kwenye majani, wanataga mayai humo. Kaskazini mwa Senegali, matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kwamba vijiji vilivyoondolewa Ceratophyllum sehemu za kuchotea maji, watoto waliokwisha kutibiwa waliambukizwa tena kwa kiwango cha chini kuliko vijiji ambavyo havikuondolewa. Na majani yenyewe hayakutupwa, yaligeuzwa mboji ya vitunguu na pilipili, na mengine wakapewa mifugo.

Nyie mnaofanya msaragambo mnaingia majini miguu mitupu kung'oa. Vaeni mabuti. Na mkishayatoa msiyaache ukingoni yaanguke tena, Ceratophyllum kipande kidogo tu kinaanza upya.

---

Banio_la_Juu

Dada asante, hilo la mboji nalichukua. Sisi huwa tunayarundika kingoni yanaoza.

---

Mkahe wa Mtoni

Wakuu nimefanya kazi ndogo. Nimepakua programu ya simu ya kupima mwanga, nikapima mchana mmoja, wazi na chini ya mikuyu, simu ikiangalia juu kila mara. Chini ya mikuyu nimepata chini ya moja ya kumi ya nje. Pale ambapo mizambarau imeachana, kama theluthi. Na kweli, pale penye theluthi ndipo yale majani machache yalipo.

---

Mwani Mtupu

Kazi nzuri. Tahadhari moja: kipimo cha simu kinafuata jicho la binadamu, na jicho linapenda kijani. Mwanga uliopita kwenye majani ya mti umeshanyang'anywa mwekundu na buluu, umebaki kijani, na kijani ndicho ambacho mmea unakitumia kidogo kuliko rangi hizo mbili. Kwa hiyo hiyo theluthi yako kwa macho ya mmea ni chini ya theluthi.

Kama hutaki simu, chukua kioo, kichore miraba 25, kiweke mlalo juu ya maji, hesabu miraba inayoonyesha mbingu. Rudia sehemu kadhaa za mfereji upate wastani. Ukiona mbingu kwenye miraba 12 au 13, uko kwenye nusu.

---

Kipanga Mzee

Sawa. Nakubali hesabu ya jua, imenyooka. Mpunga haudhuriki, mfereji unapata kivuli. Mmebaki na kwelea na zege. Hayo hamjajibu.

---

Sangara wa Kirinyaga

Mzee, kuhusu kwelea niseme tunavyoona huku. Mahali wanapolala kwa wingi ni kwenye migunga na kwenye matete. Mti mmoja wa kutulia wataupata tu, hata waya wa umeme wanautumia. Lakini mtaro ulioachwa juani hauoti majani ya chini peke yake, kingoni kunaota matete na mafunjo, na hayo yakifunga ndiyo malazi yao. Kivuli kinapunguza matete pia. Kwa hiyo kukata miti kwa ajili ya kwelea unaweza kujikuta umewatengenezea kitanda.

Sisemi miti haina ndege. Nasema mhesabu pande zote mbili.

---

Kipanga Mzee

Matete ni kweli. Kwetu yameota palepale tulipokata. Endelea.

---

Mpima Ardhi Mstaafu

Zege nalijibu mimi. Mkuyu usiusogeze karibu na mfereji uliojengewa, wala banio, wala kalavati. Mizizi yake inafuata maji na haiulizi. Mkuyu uwe kwenye mfereji wa udongo au kando ya mto, pale unapotaka ukingo ushikwe. Kwenye zege weka mti wa mizizi myepesi zaidi, na rudi nyuma mita kadhaa. Utapoteza kiasi cha kivuli, lakini kwa mfereji wa mita 4 bado kuna faida Juni na Julai.

Na kwa kuwa barabara ya trekta iko kaskazini hapo hapo, fikiria kijiko, ile mashine ya kuchimba, kitapita wapi siku ya kuchimba tope. Acha mapengo kila baada ya kipande fulani. Mapengo hayo majani yataota, lakini ni madogo, yanang'olewa kwa mkono.

---

Mwanasheria wa Kata

Kwa wanaosoma huu uzi na wako kando ya mto, si mfereji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kupanda miti ya kuhifadhi ukingo hakuna ugomvi nako. Kukata ndiko kwenye ugomvi. Kabla hujashika panga zungumza na ofisi ya maji ya bonde la mto wako.

---

Sangara wa Kirinyaga

Mita 60! Kanuni za kwetu za 2007 zilisema angalau mita 6, au upana wa mto wenyewe, mwisho mita 30. Na hata hizo 6 watu wamelima mpaka majini.

---

Mkahe wa Mtoni

Nimeandika mpango nitakaopeleka kikaoni. Kaskazini mwa kipande cha wazi, safu ya mizambarau mwitu, na mapengo ya kijiko. Pale juu kwenye mfereji wa udongo, mikuyu miwili mitatu ya kuziba nafasi. Kusini hatupandi kitu. Ceratophyllum tunaing'oa kwanza yote tukiwa na mabuti, inaenda kwenye mboji, tusisubiri kivuli kiifanye kazi hiyo. Miaka ya kwanza miche ikiwa mifupi msaragambo utaendelea kama kawaida, hilo nitalisema wazi ili mtu asije akasema tulidanganya.

Swali la mwisho: mbegu za mzambarau mwitu nikiokota sasa nikaziweka mpaka mvua, zitaota?

---

Mwani Mtupu

Hazikai. Zikikauka zimekufa. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, panda kwenye viriba siku hizo hizo. Mkuyu usihangaike na mbegu, kata kigogo cha tawi, choma ardhini penye unyevu.

---

Kipanga Mzee

Pandeni. Ila kwelea wakishuka kwenye shamba la kwanza kutoka kwenye hiyo safu yenu, anayekwenda kupiga debe alfajiri ni aliyeleta mada.

---

Mkahe wa Mtoni

Debe ninalo mzee.